Taa ya Nyuma Ilishwe na Gurudumu Lenyewe

Taa ya mbele ya baiskeli na taa ya nyuma huuzwa pamoja na kutajwa pamoja, lakini kazi zake hazifanani. Ya mbele humsaidia mwenye baiskeli kuona shimo, jiwe au mtu anayevuka, na ikizimika anajua papo hapo kwa kuwa giza limemjaa usoni. Ya nyuma haimwonyeshi yeye chochote. Imewekwa kwa ajili ya wengine: dereva wa lori, wa basi, wa bodaboda, kila anayemjia kutoka nyuma akiwa na kasi kubwa kuliko yeye. Ikizimika, mwenye baiskeli ndiye wa mwisho kujua. Anaweza kukanyaga kilomita kumi akiamini kwamba anaonekana, na muda wote huo ni kivuli tu kwenye lami. Kwa sababu hiyo moja, taa ya nyuma inahitaji umeme usiokwisha kimyakimya, na umeme wa namna hiyo kwenye baiskeli ni ule unaozalishwa na gurudumu lenyewe. Ninashikilia kwamba baiskeli mpya inayouzwa Afrika Mashariki isitoke dukani bila taa nyekundu ya nyuma inayolishwa na dainamo, na kwamba baiskeli zenye dainamo ya taa ya mbele peke yake, ambazo tunazo nyingi, ziongezewe ya nyuma.

Tuanze na hesabu ya barabarani, maana hapa ndipo uzito wa jambo ulipo. Chukua gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa na baiskeli iliyo mbele yake ikienda kilomita 15. Gari linaikaribia baiskeli kwa kilomita 65 kwa saa, yaani mita 18 kila sekunde. Dereva akiwa amepunguza taa zake, kama inavyompasa anapopishana na gari jingine, mtu aliyevaa nguo za rangi iliyokolea huanza kuonekana akiwa umbali wa mita 50 au pungufu. Mita 50 kwa mwendo huo zinaisha kabla ya sekunde tatu, na katika hizo, kiasi cha moja na nusu huliwa na macho kutambua na mguu kufika kwenye breki. Kinachobaki hakilitoshi lori lenye mzigo. Sasa ipe baiskeli hiyo taa nyekundu. Sheria ya Denmark inataka taa ya baiskeli ionekane kutoka umbali wa angalau mita 300, na mita 300 kwa mwendo uleule humpa dereva zaidi ya sekunde 16. Breki za lori ni zilezile na barabara haijapanuliwa hata kidogo; kilichoongezeka ni muda wa dereva kuamua. Na nchi zetu, kwa kuwa ziko karibu na ikweta, hazina ule mwanga wa machweo unaodumu kwa saa nzima na zaidi kama katika kiangazi cha Ulaya ya kaskazini. Jua likizama, giza halikawii. Saa kumi na mbili na nusu jioni ndiyo saa ambayo wakulima wanatoka shambani, vibarua wanatoka viwandani, na wachukuzi wa mkaa, maziwa na samaki bado wako njiani.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua kuhusu jambo hili unatoka Odense, mji wa tatu kwa ukubwa nchini Denmark. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2004, kwa muda wa mwaka mmoja, watafiti waliwafuatilia waendesha baiskeli 3,845. Karibu nusu yao walifungiwa taa za mbele na nyuma zisizotumia betri: sumaku ziliwekwa kwenye spoku, na kila zilipopita mbele ya koili iliyofungwa karibu na ekseli, taa iliwaka. Hazikuwa na swichi. Baiskeli ikitembea taa zinawaka, usiku na mchana. Waliobaki waliendelea na mazoea yao ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa kundi lenye taa lilipata ajali za kuumiza kwa kiwango cha chini kwa asilimia 19, na katika ajali za kugongana na mtu au chombo kingine tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Kuna dosari za kukiri: washiriki ndio waliotoa taarifa za ajali zao wenyewe, na huwezi kumfungia mtu taa asijue kwamba anayo. Tena Odense si Kahama. Lakini wa Odense wana njia za baiskeli, taa za barabarani na madereva waliozoea baiskeli tangu utoto. Ikiwa taa isiyozimika ilisaidia mahali pale, basi hapa kwetu, ambapo baiskeli na lori vinagawana lami moja isiyo na bega wala nguzo ya taa, sioni sababu ya kutarajia msaada mdogo zaidi.

Kinachonivutia katika jaribio hilo ni kwamba halikuhusu mwanga mkali. Taa zile zilikuwa dhaifu ukilinganisha na nyingi za betri. Nguvu yake ilikuwa katika kutomtegemea mtu kukumbuka, kununua wala kuchaji. Hapo ndipo hoja ya dainamo inaposimama, na ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba taa ya betri inatosha.

Wenye hoja ya betri wana jambo la kweli. Taa ndogo za betri zimeshuka bei sana, zinang'aa, zinafungwa kwa mpira bila fundi, na nyingi huchajiwa kwa waya uleule wa simu. Mtu wa mjini anayerudi kwenye nyumba yenye umeme kila jioni anaweza kuishi nazo vizuri. Lakini mchukuzi anayelala Kisarawe vijijini na kuingia Dar es Salaam na magunia ya mkaa kabla ya alfajiri ana hesabu nyingine. Kama nyumbani kuna paneli ndogo ya sola, simu inatangulia, kisha taa ya watoto ya kusomea. Taa ya nyuma ya baiskeli inakuwa ya mwisho kwenye foleni, na ni haki iwe hivyo, kwa sababu mwenyewe haimsaidii kuona. Taa za betri za vidonge zinadai kununuliwa betri mpya kila zinapoisha. Na betri haiishi kwa kishindo. Hufifia polepole, nyuma ya mgongo wa mtu ambaye hawezi kugeuka kuitazama. Ya mbele ikififia anajua na atafanya jambo. Ndiyo maana nasema kwamba hata kama taa ya mbele itabaki kuwa ya betri au tochi, ya nyuma ndiyo ya kwanza kustahili dainamo. Kwa miaka mingi tumefanya kinyume: dainamo inalisha taa kubwa ya mbele, na nyuma kimebandikwa kipande cha plastiki chekundu.

Kipande hicho, kiakisi-mwanga, kina watetezi wengi kuliko betri. Hakina waya, hakiishi, hakigharimu kitu. Sipendekezi kiondolewe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu uchukuzi wa barabarani unavitaja vyote viwili kwa baiskeli, kiakisi chekundu nyuma na uwezo wa kuwasha taa nyekundu nyuma, na waandishi wake hawakuona kimoja kuwa mbadala wa kingine. Kiakisi hurudisha mwanga unaokifikia. Gari lenye taa moja iliyokufa, au taa zilizopauka vioo, linakifikishia mwanga kidogo, na barabara zetu zina magari ya namna hiyo ya kutosha. Vumbi la kiangazi na tope la masika hukifunika kwa siku moja. Kwenye kona, mwanga wa gari unaelekea porini na haukigusi kabisa mpaka gari limeshakaribia. Taa inayojiwakia yenyewe haisubiri hisani ya taa ya mwingine. Na mzigo! Gunia la mkaa lililofungwa kwenye keria hushuka hadi usawa wa ekseli na kuficha kila kilichoko kwenye madigadi, kiakisi na taa pia. Hili la mzigo halitatuliwi na dainamo peke yake, ila taa ya waya ina faida moja: waya unaweza kurefushwa na taa ikahamishiwa kwenye uma wa nyuma upande wa kulia, upande magari yanakopita, au kwenye ubao unaochomoza nyuma ya mzigo. Fundi yeyote wa baiskeli anaweza kuifanya kazi hiyo.

Sasa tuiseme wazi sifa mbaya ya dainamo, maana waliotumia baiskeli za Phoenix, Avon au Raleigh zamani hawajasahau. Dainamo ya chupa, ile inayosugua ubavu wa tairi, ilikuwa ya volti 6 na wati 3: wati 2.4 kwa taa ya mbele na 0.6 kwa ya nyuma. Globu zote mbili zilifungwa sambamba kwenye mashine inayosukuma karibu nusu ampea bila kujali kilicho mbele yake. Globu ya mbele ikiungua, mkondo wote uliokuwa wake ulihamia kwa globu ndogo ya nyuma, ambayo ilihitaji sehemu ya kumi tu ya ampea, nayo ikaungua dakika hiyohiyo. Mtu alipoteza taa zote mbili kwa mpigo. Mafundi wengi walilitatua tatizo kwa kuikata ya nyuma wasiirudishe tena, na nadhani huo ni mmoja wa mizizi ya desturi yetu ya kuwa na dainamo ya mbele tu. Tatizo jingine lilikuwa waya. Ili kupunguza gharama, umeme ulikwenda kwa waya mmoja na kurudi kupitia fremu; skrubu ya kubana dainamo ilitakiwa kuuma rangi mpaka ifikie chuma. Kutu ikiingia hapo, taa zinapepesa kisha zinakufa, na hakuna anayejua kosa liko wapi.

Lakini lawama hizo ni za globu na za waya. Taa za LED zimeubadili mfumo mzima. LED nyekundu huanza kuwaka kwenye volti 2 hivi, kwa hiyo hata mwendo wa polepole ambao ungeiacha globu ya zamani ikiwa na wekundu wa kaa la moto unatosha kuifanya ionekane. Taa nzuri ya nyuma ya dainamo leo ina kinga ndani yake dhidi ya volti kubwa, hivyo taa ya mbele ikifa, ya nyuma inaendelea. Ina pia kapasita, kifaa kidogo kinachojaa chaji wakati wa mwendo, na kinachoifanya iendelee kuwaka kwa dakika kadhaa baada ya baiskeli kusimama. Hiyo inajibu pingamizi la zamani kwamba dainamo humwacha mtu gizani pale pale anaposimama katikati ya barabara akisubiri kukata kulia, ambako ndiko hatari ilikozidi. Inajibu kwa sehemu na la mchukuzi anayesukuma baiskeli kwa mkono kupanda mlima: mwendo wa miguu hutoa umeme mdogo, lakini nyekundu yenye kapasita haihitaji mwingi. Na kuhusu waya, dawa ni kupitisha waya wa njia mbili kutoka kwenye dainamo mpaka kwenye taa, usiitegemee fremu hata kidogo, uufunge vizuri chini ya bomba la fremu usije ukanaswa na mnyororo, na uache ulegevu kidogo karibu na uma wa mbele ili usukani uzunguke. Dainamo ya chupa ifungwe mhimili wake ukielekea katikati ya gurudumu. Ikipinda, inakula tairi na kuteleza mvua ikinyesha. Saa moja ya kazi ya fundi makini inatosha.

Uzito wa kukanyaga ni pingamizi linalotolewa na watu wanaojua, na sitalipuuza. Ili kupata wati 3 za umeme, dainamo ya chupa inaweza kudai wati 6 hadi 10 za miguu, na mtu wa kawaida anayeendesha kwa saa nyingi hutoa kama wati 75 hadi 100. Kwa anayebeba abiria au gunia, hilo analihisi. Dainamo ya habu, iliyojengwa ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele, hudai nguvu ndogo kuliko hiyo, haitelezi kwenye tope, na haina haja ya kusukumwa kwa mkono ili iguse tairi. Ni ghali zaidi. Kwa baiskeli mpya ningependa tuelekee huko, kwa sababu habu ndiyo inayokaribia lile fundisho la Odense la taa isiyongoja kuwashwa. Kwa baiskeli kuukuu chupa inatosha, na mzigo wake ni wa saa za giza tu, kwani mchana inainuliwa. Mtu anayekataa kabisa kuongeza mzigo huo kwa ajili ya usalama nadhani angeukubali kwa ajili ya simu. Nokia walipotangaza chaja ya simu ya baiskeli mwaka 2010 mjini Nairobi, chaja ile ilitumia dainamo hiyohiyo ya chupa, na mbinu hiyo ilieleweka mara moja. Taa ya nyuma ya LED hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu ambayo simu inaihitaji.

Wapo watakaonikumbusha Ujerumani. Nchi hiyo ililazimisha dainamo kwenye baiskeli kwa miongo mingi, kisha mwaka 2013 ikalegeza na kuruhusu betri. Je, si ushahidi kwamba dainamo imepitwa na wakati? Naisoma habari hiyo kwa namna nyingine. Sheria ililegezwa kwa sababu Wajerumani wengi walikuwa tayari wanatumia taa za betri, zikiwa zimeboreka, na hakukuwa na maana polisi kuwaadhibu watu wenye taa nzuri. Hata hivyo, baiskeli za kwenda kazini zinazouzwa huko bado kwa kawaida huja na dainamo ya habu na taa zake mbili, bila mnunuzi kuziomba. Sheria ilipoondoka, desturi ya dukani ilibaki, na hilo ndilo somo ninalolichukua: taa inayokuja na baiskeli hubaki kwenye baiskeli, kama vile kengele na keria. Inayouzwa kando husahaulika.

Pingamizi zito kuliko yote si la ufundi. Linahusu haki. Uingereza, katika miaka ya 1920 na 1930, chama cha waendesha baiskeli cha nchi hiyo kilipinga kwa nguvu kulazimishwa taa ya nyuma. Walisema dereva ndiye mwenye chombo cha kuua, hivyo wajibu wake ni kwenda kwa mwendo unaomruhusu kusimama ndani ya umbali anaouona. Kumfunga mwenye baiskeli taa ni kumhamishia mhanga mzigo wa kosa la mwingine. Vita na giza la kuzimwa taa za miji ndivyo vilivyowalazimisha kuanzia mwaka 1939, na baada ya vita, mwaka 1945, sheria ikaifanya ya kudumu. Ninawaheshimu wapinzani wale, kwa maana walichoogopa kilitokea: asiye na taa akigongwa, swali la kwanza likawa kuhusu taa yake wala si mwendo wa gari. Hapa kwetu hofu hiyo ni halali zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hawa ni watu wasiounda barabara wala hawaandiki sheria. Tukiwaongezea askari wa kuwakamata kwa kukosa taa na kuwanyang'anya baiskeli ambayo ndiyo kazi yao, tutakuwa tumewaadhibu mara mbili.

Kwa hiyo amri ninayoitaka haimlengi anayekanyaga. Inamlenga anayeingiza na anayeuza. Mashirika ya viwango, TBS Tanzania na KEBS Kenya, yana mamlaka ya kusema bidhaa gani iingie sokoni na ya sifa zipi, na yanaweza kuandika kwamba baiskeli ya mtu mzima ya kubeba mizigo au abiria iwe na dainamo, taa nyekundu ya LED yenye kinga na kapasita, waya wa njia mbili na kiakisi. Hakuna raia atakayesimamishwa barabarani kwa kifungu hicho. Gharama itaongezeka dukani, ni kweli, na serikali inaweza kuipunguza kwa kuondoa ushuru kwenye dainamo na taa zake. Wala hili halimwondolei dereva wajibu, wala halichukui nafasi ya mabega ya barabara na njia za baiskeli, ambazo zinahitajika na zinachelewa. Barabara hujengwa kwa miaka. Taa hufungwa mchana mmoja, na watu wanaogongwa kati ya sasa na siku njia zitakapokamilika nao wana haki ya kufika nyumbani.

Wizi nautaja kwa kifupi: taa iliyofungwa kwa boliti na waya uliopita ndani ya madigadi huibwa kwa shida kuliko ya betri iliyoshikwa na mpira, ambayo mwizi huichomoa kwa vidole.

Zinabaki baiskeli zilizokwisha kuuzwa, ambazo ndizo nyingi na zitatumika kwa miaka mingi ijayo. Kuanzia kwa waendesha baiskeli wa abiria kungekuwa na busara, wale wa Shinyanga na wale wa Kisumu, kwa sababu wanafanya kazi hadi usiku, wanabeba roho ya mtu mwingine nyuma, na wana vijiwe vinavyojulikana. Halmashauri ya wilaya au chama chao kinunue dainamo za chupa, taa za nyuma na waya kwa jumla, na fundi wa kijiweni alipwe kwa kila baiskeli aliyoifunga. Ukaguzi wake ni rahisi na hauhitaji mtaalamu: inua gurudumu, lizungushe kwa mkono kwa mwendo wa kutembea, tazama kama nyekundu imewaka, liachie lisimame, hesabu kama imedumu kwa dakika mbili, kisha chomoa taa ya mbele na uzungushe tena. Isipowaka katika jaribio la tatu, fundi arudie kazi kabla ya kulipwa.